Zulia la Sufu Lenye Ndege wa Kinangop: Miezi Minane Sakafuni

Zulia ninalolikagua hapa lina upana wa sentimita 118 na urefu wa sentimita 176, ingawa risiti inasema 120 kwa 180, na limefumwa kwa mkono kwa sufu ya kondoo wa nyanda za juu za Kenya. Katikati yake amesimama ndege mmoja wa kahawia mwenye kifua cha njano, amezungukwa na mashungi ya nyasi, na katika pembe mbili zinazokabiliana kuna maua marefu ya rangi ya machungwa yenye umbo la mwenge. Nililinunua kwa shilingi 28,000 za Kenya. Limekaa sebuleni kwangu Nairobi kwa miezi minane, limekanyagwa na watu wazima watatu na watoto wawili, na limemwagiwa chai mara mbili, kwa hiyo nitakayoyasema yanatokana na matumizi wala si na picha za kuuzia.

Duka sitalitaja. Kinachokaguliwa ni zulia, na duka lenyewe halifumi chochote bali hukusanya kazi za vikundi vya wafumaji na kuziuza kwa watu wa mjini. Huduma yake nitaifikia baadaye, na sitaisifu.

Nianze na ndege, kwa sababu ndiye aliyenifanya nilichague zulia hili nikaacha mengine. Wataalamu humwita Macronyx sharpei. Ni ndege wa ardhini mwenye ukubwa wa kadiri ya mkono uliofumbatwa, mgongo wake una michirizi ya kahawia inayomficha katika majani makavu, na kifua chake ni cha njano kilichotiwa michirizi myeusi. Haishi nje ya Kenya. Makao yake ni mbuga za majani za nyanda za juu, hasa uwanda wa Kinangop ulio kati ya milima ya Nyandarua na Bonde la Ufa, na sehemu za Mau na Uasin Gishu. Hujenga kiota chini, katikati ya mashungi ya nyasi, na shamba likishapigwa jembe na kupandwa viazi au kabichi yeye huondoka, kwani hana mti wa kukimbilia wala hataki kuishi kati ya matuta. Tangu mashamba makubwa ya walowezi yalipogawiwa familia ndogo ndogo baada ya Uhuru, majani mengi ya Kinangop yamegeuka kuwa mashamba ya mboga na vishamba vya mikaratusi, na ndege huyu sasa yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Hapo ndipo kondoo anapoingia. Malisho ya kondoo ndiyo sehemu kubwa ya majani yaliyobaki huko, na mkulima asiyepata chochote kutokana na kondoo wake hana sababu ya kuacha ekari moja bila kuilima. Huko Njabini, kusini mwa uwanda huo, kikundi cha uhifadhi kiitwacho Friends of Kinangop Plateau kilianzisha kazi ya kusokota na kufuma sufu kwa hoja hiyo hiyo, kwamba sufu ikipata soko, malisho yatabaki, na malisho yakibaki, ndege atabaki. Zulia langu halikutoka katika karakana hiyo, lakini limetoka katika uwanda huo huo na limebeba wazo hilo hilo. Nimekwisha kuona mazulia mengi yenye twiga, chui na jua linalozama, ambayo yangeweza kufumwa popote duniani na mtu yeyote aliyewahi kuona kalenda. Hili lina ndege ambaye nyumba yake inategemea mnyama aliyetoa uzi, na sijui zulia jingine lenye haki kubwa zaidi ya kubeba picha liliyoibeba.

Wazo zuri, hata hivyo, halipashi miguu joto. Tuitazame sufu.

Kondoo wengi tunaowaona barabarani Kenya na Tanzania, yaani wale wekundu wa Kimaasai, wa Kisomali wenye vichwa vyeusi na Dorper, wana nywele fupi zisizosokoteka. Sufu hutoka kwa Merino, Corriedale, Romney na machotara wao, ambao huhitaji baridi ya Molo, Timau au Nyandarua. Msomaji wa pwani asichanganye sufu hii na sufi ya mti wa msufi inayojazwa mitoni, kosa ambalo mama yangu alilifanya nilipomweleza kwa simu, akaniuliza ni kwa nini nimelipa fedha nyingi hivyo kwa kitu kinachookotwa Kisauni bure.

Uzi wa zulia hili umesokotwa kwa mkono, na hilo huonekana mara moja: una sehemu nene na sehemu nyembamba, na mahali pengine kuna kibonge kidogo cha sufu ambacho vichanio havikukipata. Kwangu huo si upungufu. Uzi wa mashine hutoa uso uliolingana kama rangi ya ukutani, ilhali hapa sehemu ya nyasi inaonekana kama imepigwa na upepo kwa sababu tu msokotaji hakuwa na mkono wa chuma. Ili nijue kama ni sufu tupu nilikata kipande cha uzi wa ziada niliopewa pamoja na zulia, nikakichoma kwa kiberiti. Kilinuka nywele zilizoungua na kuacha jivu lililosagika mkononi. Uzi wa plastiki huyeyuka ukaganda kama shanga ngumu. Kila mnunuzi ana haki ya kuomba kipande cha namna hiyo, na muuzaji anayekataa amekwisha kujibu swali.

Ubaya mmoja wa sufu isiyooshwa kupita kiasi ni harufu. Msimu wa mvua ndefu, madirisha yalipofungwa kwa siku nne mfululizo, sebule yangu ilinuka zizi, harufu nyepesi lakini isiyoweza kukanwa mbele ya mgeni. Mafuta ya asili yanayobaki katika uzi ndiyo yanayoleta harufu hiyo, na ndiyo hayo hayo yaliyoiokoa sebule chai ilipomwagika, kwa kuwa chai ilisimama juu ya uzi kama umande juu ya jani la yungiyungi, nikapata muda wa kwenda jikoni na kurudi na kitambaa. Mara ya pili nilichelewa nusu saa, na doa limebaki, ingawa limeangukia kwenye mgongo wa ndege ambako kahawia moja zaidi haimdhuru mtu.

Sasa ufumaji, ambao ndio moyo wa jambo lenyewe. Zulia hili ni bapa, halina manyoya yaliyosimama. Nyuzi za mtande, yaani zile zinazotandazwa kwanza kwenye kitanda cha kufumia, ni za pamba, na mshindio, yaani uzi unaopitishwa kati yake kwa kukingama, ni wa sufu unaopigwa chini kwa nguvu mpaka mtande haupo tena machoni. Nilihesabu nyuzi 10 za mtande katika kila sentimita 5. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua ndege ataonekanaje, kwa sababu alama ndogo kabisa ambayo mfumaji anaweza kuitia ina upana wa karibu sentimita moja, na kila mstari wa mviringo hugeuka ngazi. Anayeleta picha ya simu na kusema “nifumie hii” anaomba kisichowezekana. Mfumaji mwenye akili huanza na ngazi zile, akatafuta ndege anayeweza kukaa ndani yake.

Mfumaji wa zulia langu ana akili hiyo. Jicho la ndege ni mraba mmoja mweusi, na linatosha. Michirizi ya kifua, ambayo kwa ndege hai ni laini na mingi, ameifanya kuwa mistari mitano tu ya kushuka kwa mshazari, kwa sababu mshazari ndio mwelekeo ambao ufumaji wa aina hii unaupenda. Mgongo unapanda kwa ngazi ndogo ndogo zilizochongeka vizuri kiasi kwamba, mtu akisimama mlangoni, haoni ngazi bali anaona ndege aliyeinua kifua kusikiliza. Karibu zaidi picha huvunjika na kuwa vipande vya rangi. Napenda zote mbili.

Kuna tatizo la ufumaji ambalo mnunuzi anapaswa kulijua kabla ya kulipa. Rangi mbili zinapokutana kwenye mstari ulionyooka kufuata mtande, kila uzi wa mshindio hurudi upande wake, na katikati hubaki mwanya, kama mfuko wa shati ulioshonwa upande mmoja. Mfumaji makini huzikutanisha nyuzi mbili hizo na kuzipitisha moja ndani ya nyingine katika kila safu, au huhamisha mpaka kidogo kidogo ili mwanya usirefuke, au hushona baadaye kwa sindano. Katika zulia langu mipaka mingi imefungwa vizuri, lakini chini ya ua la pembe ya kushoto kuna mwanya wa sentimita 6 uliosahauliwa, ambao kidole cha gumba cha mwanangu mdogo kiliugundua kabla yangu. Nimeushona mwenyewe. Kwa bei hii sikupaswa kushika sindano.

Miguu ya ndege ilinishangaza kwa wema wake. Mguu ni mstari mwembamba uliosimama, yaani kitu kigumu kuliko vyote kukifuma, lakini hii imetoka myembamba na imara, bila mwanya. Nilimpigia simu mama mfumaji, kwa namba ambayo duka lilinipa baada ya kusitasita, nikamuuliza alifanyaje. Alicheka. “Dada, huyo tulimfuma akiwa amelala,” alisema. “Ukimlaza, mguu unakuwa mstari wa mshindio tu. Kazi yake ni nyepesi.” Yaani kwa majuma yote ya kazi ndege alikuwa amelala ubavu mbele yake, na alisimama siku aliposhushwa kwenye kitanda cha kufumia.

Katika duka lile lile nililitazama pia zulia la korongo taji, yule mwenye kishada cha dhahabu kichwani anayepamba bendera ya Uganda, na hili silipendekezi. Hapo mfumaji amejaribu kufuata picha: kishada kimefanywa unywele mmoja mmoja, shavu jeupe limezungushiwa wekundu, bawa limetiwa rangi sita. Matokeo yake ni kichwa kilichofanana na ufagio ulioshika moto, na miguu mirefu yenye mianya inayoonyesha sakafu. Bei yake ilikuwa shilingi 9,000 zaidi ya langu. Wingi wa rangi unauzwa kama wingi wa ufundi, na si kweli.

Lililonivutia zaidi, na ambalo ningelinunua kama lingekuwa kubwa, ni zulia dogo la kuwekea kando ya kitanda ambalo halina umbo la ndege hata kidogo. Ni madoa meupe juu ya kijivu cheusi, safu kwa safu, na kila atakayeliona atasema kanga kabla hajaulizwa. Watu wa pwani wamelijua jambo hili zamani, kwani vazi letu la kanga lenyewe husemwa kuwa lilipata jina kutokana na madoadoa ya ndege huyo, na hakuna aliyehitaji kuchora mdomo wala miguu. Doa ni kitu ambacho kitanda cha kufumia hukifanya bila kulalamika. Rangi zote mbili, kwa jinsi nilivyoziona, ni za kondoo mwenyewe, hazikutiwa dawa.

Rangi za zulia langu ni hadithi tofauti. Kahawia na rangi ya maziwa ni za asili ya sufu. Njano ya kifua, kwa maelezo ya mfumaji, imetokana na maganda ya vitunguu yaliyochemshwa pamoja na shabu, ambayo hufanya rangi ishike kwenye uzi. Nilipolipokea zulia njano hiyo ilikuwa nzito kama kiini cha yai la kienyeji. Baada ya miezi minane, upande ulio karibu na dirisha umepauka ukawa rangi ya majani makavu, na ule ulio chini ya meza bado uko kama ulivyokuja. Jambo hili hutokea kwa rangi nyingi za mimea na silichukii, lakini lilipaswa kuandikwa kwenye kitambulisho cha bidhaa, ambacho badala yake kimeandikwa kwamba rangi “hazibadiliki kamwe”. Rangi ya machungwa ya yale maua ya mwenge, ambayo ni Kniphofia wa milima ya Nyandarua, haijabadilika hata chembe, na nilipoisugua kwa kitambaa cheupe chenye maji kilitoka safi. Ninaamini ni rangi ya kiwandani. Siioni kuwa aibu. Ningependa tu kuambiwa.

Maua hayo, kwa upande wa umbo, ni mazuri kuliko nilivyotarajia. Mfumaji ameyapanga kwa vipande vinavyopungua kuelekea juu, vyekundu juu na vya machungwa chini, kama yanavyochanua kweli, kwa sababu maua ya chini hufunguka kwanza na kupoteza wekundu wake. Mtu aliyekosea mpangilio huo angesamehewa. Huyu ameyaona maua kwa macho yake.

Matunzo si magumu. Kila Jumamosi nalitoa nje, nalipiga upande wa nyuma kwa fimbo na kuliacha kivulini. Halipaswi kuoshwa kwa maji moto wala kutiwa kwenye mashine ya kufulia, kwani sufu hujikunja ikashikana na zulia likarudi nusu ya lilivyokuwa. Adui mkubwa ni nondo, ambaye mabuu wake hula sufu mahali penye giza pasipofagiliwa, hivyo nalizungusha kila mwezi ili sehemu iliyo chini ya kochi ipate zamu ya kukanyagwa. Kwenye sakafu ya vigae huteleza, na nililazimika kununua mpira wa kuweka chini, kwa fedha nyingine. Ncha moja ilikuwa imejikunja kwa majuma matatu ya kwanza, kisha ikalala.

Huduma ya duka ndiyo iliyonitia uchungu. Nililipa nusu ya bei nikiahidiwa majuma sita; zulia lilikuja katika juma la kumi na moja, na katika muda huo nilipiga simu mara saba na kujibiwa na watu wanne waliosema mambo manne. Lilipofika lilikuwa limefungwa kwa mfuko wa nailoni uliochanika, likiwa na unyevu upande mmoja, jambo la hatari kwa sufu iliyokunjwa. Nilipouliza habari za upungufu wa sentimita, nilijibiwa kwamba kazi ya mkono ndivyo ilivyo. Tofauti ya sentimita 4 katika urefu ni kweli ndivyo ilivyo, na nisingeisema kama mtu angenieleza kabla. Kubwa kuliko yote ni kitambulisho, ambacho kiliandika “ndege wa Afrika”. Mfumaji anamjua ndege kwa nyasi anazolalia, na muuzaji, ambaye ndiye anayechukua sehemu ya bei kwa kazi ya kueleza bidhaa, hakujishughulisha hata kuuliza jina.

Je, linastahili shilingi 28,000? Zulia la kiwandani la plastiki lenye ukubwa huu hupatikana Nairobi kwa chini ya shilingi 10,000, nalo ni laini zaidi mguuni, halinuki mvua ikinyesha, na watoto hulipenda. Nimewahi kuwa nalo. Lilidumu miaka mitatu kabla manyoya hayajalala na kung’aa kama shingo ya koti la zamani. Sufu iliyofumwa bapa kwa mshindio uliobanwa hivi haina manyoya ya kulala. Mwenye nyumba ya baridi, kama ilivyo Limuru, Nakuru, Arusha au Iringa, atapata thamani ya fedha yake. Mwenye nyumba Mombasa, Tanga au Zanzibar asijitese: joto na unyevu vitalialika nondo, na mkeka mzuri wa ukindu unaipita sufu kwa ubaridi na kwa uzuri, tena kwa bei ndogo. Mama yangu alipokuja kututembelea mwezi wa Julai alivua viatu, akasimama juu ya ndege kwa muda, akasema, “Haya, mwanangu, kwa huku kwenu limefaa,” naye si mtu wa kusifu kitu cha bara upesi.

Atakayeagiza, ningemshauri aombe kuzungumza na mfumaji mwenyewe kabla ya kulipa, achague ndege mwenye rangi chache, aulize ni rangi zipi zitakazopauka, na siku ya kupokea aliinue zulia mbele ya dirisha ili mianya ionekane kwa nuru inayopenya. Mimi nimeagiza la pili, la madoa ya kanga, sentimita 140 kwa 200, kijivu na cheupe cha kondoo bila rangi yoyote, moja kwa moja kwa mama mfumaji yule. Ameniambia nisubiri mpaka kondoo wanyolewe.